Fundo la katikati ya mji: kitovu cha magari hujaaje, na hufunguliwaje

Simama pembeni ya makutano makubwa saa moja na nusu asubuhi, uchague basi moja ulitazame. Taa ya kijani imeshawaka mbele yake, lakini haliondoki. Limesimama mdomoni mwa makutano, mlango wazi, dereva jicho kwenye kioo cha pembeni, kwa sababu kuna mama anakuja mbio, begi likimgonga mgongoni. Nyuma honi zinalia. Mama anadandia, mlango unafungwa, basi linasogea hatua mbili, taa inageuka nyekundu.

Sasa piga hesabu ya kilichopotea. Njia moja ya barabara, taa ikiwa ya kijani na mbele pakiwa wazi, hupitisha takriban gari moja kila sekunde mbili. Basi likiiziba kwa sekunde 30, magari 15 yaliyopaswa kuondoka yamebaki. Zamu inayofuata hayo 15 hutangulia, na yaliyokuja nyuma yake husubiri. Hao nao huwasubirisha wengine. Deni hukua kimyakimya, na ndiyo maana saa nne asubuhi, watu wakiwa wameshakaa ofisini, bado utaikuta foleni ya saa mbili imelala palepale.

Nimeanza na basi hili kwa sababu mjadala wa kitovu kilichojaa karibu kila mara huanza na upana. Barabara ni finyu, ipanuliwe. Ikishindikana kupanuliwa, ijengwe flaiova. Lakini barabara hata ingekuwa pana mara mbili, basi lile lingesimama vilevile, kwa sababu lilichokosa ni mahali pa kupakia abiria.

Anayepita na anayefika

Vitovu vingi huzaliwa bila kupangwa. Barabara hufuata kivuko cha mto, bandari, lango la mji wa zamani au stesheni ya reli, na hapo zikakutana. Watu wakipita kwa wingi, wauzaji hukaa. Wauzaji wakishakaa, watu huacha kupita tu, wakaanza kuja. Baada ya miongo michache, kipande kimoja cha ardhi kinabeba kazi mbili zisizopatana. Anayepita anataka avuke bila kugusa breki. Anayefika amekuja kugusa breki: ashuke, apakue mzigo, anunue, avuke upande wa pili. Kila mita unayompa mmoja umemnyang'anya mwenzake.

Yupo na wa tatu, ambaye michoro mingi humsahau: anayebadilisha chombo. Ameshuka treni anatafuta basi, au ameshuka basi la kaskazini anatafuta la mashariki. Huyu hana haja na mji wa pale, hanunui kitu, lakini ndiye anayevuka barabara mara mbili, tena kwa mbio, katikati ya magari. Wahandisi wakihesabu magari peke yake, yeye hahesabiwi kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mradi wa kukifufua kitovu hufanyika kabla ya tingatinga kuonekana, nayo ni kujua nani ni nani. Njia ya zamani ni ya kuchosha lakini inaaminika: watu huwekwa kwenye kila barabara inayoingia na kila inayotoka, wakaandika namba za magari na saa. Namba iliyoingia upande wa kusini na kutoka kaskazini baada ya dakika chache ni ya mpitaji. Namba iliyoingia isitoke mpaka jioni ni ya mtu aliyefika. Siku hizi kamera, tiketi za kielektroniki na nyendo za simu husaidia, ila swali ni lilelile. Likijibiwa vibaya, yote yanayofuata huharibika, kwa kuwa dawa ya wapitaji ni kuwapa njia isiyogusa kitovu, na hiyo haimsaidii kitu mtu ambaye safari yake inaishia hapo.

Sekunde zinazoyeyuka

Makutano ya taa ni mashine ya kugawa muda. Barabara mbili zikikatana, zinahitaji zamu mbili kuu. Ikiongezeka ya tatu inayokatiza mshazari, zamu ni tatu. Na kila zamu inapobadilika kuna sekunde ambazo hapiti mtu: taa ya njano, kisha nyekundu kwa wote ili waliobaki katikati watoke, kisha yule dereva wa mbele anayeinua macho kutoka kwenye simu. Tuseme ni sekunde 5. Mzunguko wa taa wa sekunde 90 wenye zamu tatu unapoteza 15, zinabaki 75, kila barabara inapata 25. Ondoa barabara moja: zinapotea 10, zinabaki 80, kila barabara inapata 40. Barabara mbili zilizobaki zimeongezewa zaidi ya nusu ya muda ziliokuwa nao, na hakuna aliyeongeza hata sentimita moja ya lami.

Hesabu hii ndiyo iliyokuwa nyuma ya uamuzi wa New York mwaka 2009. Broadway hukatiza mshazari katika mpango wa barabara zilizonyooka za Manhattan, na pale Times Square hukutana na Seventh Avenue katika pembe kali. Mwezi Mei mwaka huo, chini ya meya Michael Bloomberg na kamishna wa usafiri Janette Sadik-Khan, magari yalizuiwa kupita Broadway kati ya mtaa wa 42 na wa 47. Samani rasmi zilikuwa hazijafika, basi wakaweka viti vya kukunja, vile vya ufukweni, watu wakaketi katikati ya barabara siku ileile. Baadaye jiji likaripoti kuwa waenda kwa miguu wanaojeruhiwa eneo hilo wamepungua kwa asilimia 35. Kwa magari nafuu haikuwa sawa: yanayokwenda kaskazini yalifaidika kuliko yanayokwenda kusini. Mwezi Februari 2010 jiji likatangaza kuwa mpango ule ni wa kudumu. Mimi huupenda mfano huu kwa sababu ya vile viti. Kama jaribio lingeshindwa, lori moja lingetosha kuvikusanya.

Mzunguko wa barabara usio na taa (raundabauti) una ugonjwa wake. Unafanya kazi vizuri mradi kila anayeingia apate pa kutokea. Siku barabara moja ya kutokea inapoziba, pengine kwa sababu ya makutano yaliyo mbele zaidi, magari yanayoielekea husimama ndani ya mzunguko, yakazuia na wale wanaokwenda kwingine. Hao nao huziba midomo ya barabara zao. Ndani ya dakika chache mzunguko mzima umejifunga kama mkufu, na aliyesababisha yuko mbali kabisa, haonekani. Ndiyo maana mzunguko uliokwama mara nyingi hufunguliwa kwa kurekebisha kitu kilicho nje yake, na anayeuchora upya bila kutembea hadi makutano ya mbele anapoteza wino.

Flaiova inafanya nini hasa

Flaiova humchukua mpitaji ikamrusha juu ya fundo. Kwa hilo inafaa, na pale ambapo wapitaji ni wengi kweli, na huko wanakotua pana nafasi, huwa ni fedha iliyotumika vizuri. Ila mara nyingi inachofanya ni kuwafikisha wapitaji kwenye taa zinazofuata mapema na kwa pamoja. Foleni iliyokuwa hapa imehamia mbele kidogo, na siku ya kukata utepe kamera huwa ziko hapa.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo mchumi wa Marekani Anthony Downs alilieleza tangu mwaka 1962. Barabara iliyojaa saa za kilele huwa imeshafukuza watu. Wengine wameamua kutoka nyumbani alfajiri, wengine wanazunguka njia za ndani, wengine wamepanda treni. Nafasi ikipatikana, wote watatu hurudi. Wa alfajiri anaanza kulala nusu saa zaidi, wa njia za ndani anarudi barabara kuu, wa treni anatoa gari lake. Hajaongezeka mtu mjini, lakini barabara imejaa tena. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walitoa utafiti wa miji ya Marekani ulioonyesha kuwa barabara kuu zikiongezwa, kilomita zinazoendeshwa nazo huongezeka karibu kwa kiwango kilekile.

La ajabu kuliko yote liko kwenye hisabati. Mwaka 1968 Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kuwa unaweza kuongeza barabara mpya katika mtandao, kila dereva akachagua njia iliyo bora kwake, na wote wakachelewa kuliko zamani. Njia mpya ya mkato huwavuta wote kupitia vipande vilevile viwili vyembamba, ambavyo awali walikuwa wakigawana, nusu huku na nusu kule. Hakuna mjinga hata mmoja kati yao. Kila mmoja kwa peke yake ameamua sawasawa.

Geuza hesabu hiyo upate kichekesho chake: kuna wakati kuondoa barabara hakuleti maafa yaliyotabiriwa. San Francisco, wapiga kura waliukataa mwaka 1986 mpango wa kubomoa barabara ya juu ya Embarcadero iliyokuwa imeutenga mji na bahari. Tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989 liliiharibu barabara hiyo, ikafungwa, na miaka miwili baadaye ikaanza kubomolewa. Leo pale pana barabara ya chini yenye miti na reli ya tramu.

Seoul walikwenda mbali zaidi, tena bila kusukumwa na tetemeko. Kijito cha Cheonggyecheon kilianza kufunikwa kwa zege mwaka 1958, kisha barabara ya juu ikajengwa juu ya mfuniko huo. Zaidi ya magari 160,000 yalitumia ukanda huo kwa siku. Mwezi Julai 2003, chini ya meya Lee Myung-bak, ubomoaji ulianza, na Oktoba 2005 kijito chenye urefu wa karibu kilomita 6 kilifunguliwa kwa watu. Jambo ambalo wanaosifu picha zake hulisahau ni lililofanyika katikati: Julai 2004 Seoul ilipanga upya mabasi yake yote, ikachora njia zao katikati ya barabara, ikaunganisha nauli ya basi na ya treni katika kadi moja. Wale waliokuwa juu ya flaiova walipewa kitu cha kupanda. Jiji litakaloiga kijito bila kuiga mabasi litapata kijito na foleni pamoja. (Na kijito chenyewe, tuseme ukweli, si cha asili tena, sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa pampu kutoka mto Han.)

Nafasi inahesabiwa kwa vichwa

Turudi kwa basi letu. Kitovu kinapopangwa upya, swali linalobadilisha mchoro ni hili: njia moja ya barabara, yenye upana wa mita tatu na kitu, inapitisha watu wangapi kwa saa? Miongozo ya usafiri wa mijini inayotumika Marekani huiwekea njia ya magari binafsi kati ya watu 600 na 1,600. Upana huohuo ukipewa mabasi peke yake ni kati ya 4,000 na 8,000. Ukipewa waenda kwa miguu, hufika 8,000 hadi 9,000. Sasa linganisha na michoro mingi ya vitovu, ambamo mwenda kwa miguu hupewa kinachobaki baada ya magari kugawiwa.

Lakini njia ya mabasi peke yake haitoshi, maana uwezo wake hufia kituoni. Basi likitumia sekunde 60 kushusha na kupakia, nafasi moja ya kusimama haiwezi kuhudumia hata mabasi 60 kwa saa, kwa kuwa linaloondoka lazima litoke kabla ya linalofuata kuingia. Kuna namna mbili za kuongeza. Ya kwanza ni kujenga nafasi nyingi zaidi. Ya pili, iliyo rahisi kuliko watu wanavyodhani, ni kufupisha zile sekunde: nauli ilipwe kabla ya kupanda, milango yote ifunguliwe, sakafu ya jukwaa iwe sawa na sakafu ya basi ili mwenye mtoto au mzigo asihangaike na ngazi. Ukipunguza sekunde 60 zikawa 30, ni kama umejenga kituo cha pili juu ya ardhi ileile.

Kosa jingine ninalolichukia ni la kumchimbia mwenda kwa miguu shimo au kumpandisha daraja. Mchoraji huona amempa usalama. Mtu mwenye magongo, au aliyebeba mtoto, huona ngazi arobaini za kupanda na arobaini za kushuka, kisha huangalia kushoto na kulia akavuka chini. Anayetembea hufuata mstari ulionyooka, na mchoro usiokubali hilo utawekewa uzio, na uzio utatobolewa. Watembeao wavuke chini, kwa umbali mfupi, na kama lazima mtu apande au ashuke, apande mwenye injini.

Kujenga bila kufunga duka

Sehemu ngumu kuliko zote haionekani kwenye picha za kompyuta zenye miti na watoto wenye maputo. Kitovu hakifungwi. Ni kama kumfanyia mtu upasuaji wa moyo huku akikimbia. Tena chini ya lami kuna mji mwingine: mabomba ya maji, maji taka, nyaya za umeme na simu, mengine yakiwa hayamo kwenye ramani yoyote. Mkandarasi akikuta bomba asilolitarajia, kazi husimama mpaka mwenye bomba apatikane. Ucheleweshaji mwingi wa miradi hii huanzia hapo, ingawa lawama zote humwangukia aliyeshika sururu.

Wanaojua kazi hii hupasua usiku. Shibuya, Tokyo, ambako eneo zima la stesheni limekuwa likijengwa upya kwa miaka mingi, treni za njia ya Toyoko zilikuwa zikifika kwenye majukwaa ya juu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2013, treni ya mwisho ilipopita, wafanyakazi wapatao 1,200 walihamisha reli. Saa chache baadaye treni ya kwanza ya alfajiri iliingia chini ya ardhi. Usiku huo ulikuwa mfupi. Maandalizi yake yalikuwa ya miaka.

Stockholm hawakuwa na fundo la usiku mmoja. Slussen, jina lenye maana ya lango la kupitishia vyombo vya majini, iko pale ziwa Mälaren linapokutana na Bahari ya Baltiki, na lango la kwanza lilijengwa hapo mwaka 1642. Mwaka 1935 ulifunguliwa mzunguko wa ghorofa, barabara zikipindana kama majani, uliosifiwa kama alama ya zama mpya za magari. Kufikia karne hii zege lake lilikuwa limechakaa. Ubishi juu ya kitakachochukua nafasi yake ulidumu miaka mingi kabla ya kazi kuanza mwaka 2016. Daraja kuu jipya, la rangi ya dhahabu, liliundwa China, likaja kwa meli likiwa zima, likafika Machi 2020 na kufunguliwa Oktoba mwaka huo. Kituo cha mabasi kikapangiwa ndani ya mwamba wa mlima ulio kando.

Jiji hilohilo lilikuwa limeshagusa fundo kutoka upande mwingine. Kuanzia Januari hadi Julai 2006 lilijaribu kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji saa za kazi, na magari yanayovuka mpaka huo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Wananchi wengi waliipinga tozo kabla haijaanza. Baada ya kuionja walipiga kura kuikubali, ikarudishwa Agosti 2007. Asilimia 20 ni ndogo kwa macho ya asiyejua foleni. Makutano yaliyojaa hadi ukingoni hukwama kwa sababu ya magari machache ya mwisho, na ukiyaondoa hayo, yaliyobaki hutembea.

Waliofika wakakaa

Nimesema anayepita na anayefika. Kuna aliyefika zamani akakaa: muuza vitu vya mitumba, fundi wa saa, mwenye meza ya vipuri. Kitovu kikifufuliwa, thamani ya ardhi hupanda, na jiji lenye akili huitumia thamani hiyo kulipia ujenzi. Hong Kong imejenga sehemu kubwa ya reli zake kwa kuendeleza majengo juu na kando ya stesheni. Tatizo ni kwamba kodi inayolipia jukwaa jipya ni ileile inayomtoa mwenye meza.

Na yeye hahami kama mashine. Mteja wake ni mtu aliyeshuka basi akiwa na dakika tano za kusubiri jingine. Mpeleke kwenye jengo safi umbali wa mita 500, umempa paa na choo, umemnyang'anya zile dakika tano. Ndiyo sababu masoko mengi mapya yaliyojengwa kwa ajili ya waliohamishwa hubaki nusu tupu huku pembeni mwa kituo meza zikirudi moja moja. Mpango unaomweka muuzaji kwenye njia ya anayebadilisha basi hugharimu nafasi, lakini huwa hauhitaji mgambo.

Seoul, mamia ya wauzaji waliokuwa kando ya Cheonggyecheon walihamishiwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun wakati kijito kinachimbuliwa. Walitandika bidhaa zao uwanjani, wateja wakaanza kuwazoea. Kisha jiji likaamua kuubomoa na uwanja wenyewe. Mwaka 2008 wakahamishwa tena, safari hii kwenye jengo la soko huko Sinseol-dong. Palipokuwa uwanja, mwaka 2014 lilifunguliwa jengo la maonyesho ya ubunifu, la mabati ya rangi ya fedha yaliyopindwapindwa, na watalii hutoka humo kwa miguu kwenda kukitazama kijito.